Pawa saplai mbili bado si umeme wa njia mbili: mwongozo wa kupanga umeme wa swichi za mtandao Kibondo na Kasulu

Ofisi ikinunua swichi kubwa ya mtandao, mara nyingi huja na nafasi ya pawa saplai mbili. Fundi anafunga zote, taa mbili za kijani zinawaka, bosi anaridhika. Siku umeme ukikatika, swichi inazima vile vile. Ukienda kuangalia nyuma ya raki unakuta nyaya zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja.

Pawa saplai ya pili inakulinda dhidi ya kitu kimoja tu: pawa saplai ya kwanza kufa. Haikulindi dhidi ya saketi breka kuanguka, UPS kuchoka, yuniti za LUKU kuisha wala nguzo kuanguka. Akiba ya kweli ni njia nzima ya umeme, kuanzia swichi mpaka chanzo. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga njia hiyo, kwa mazingira ya Kibondo na Kasulu.

Kwa nini swichi ndiyo ya kuanza nayo

Laptop ina betri yake. Simu ina betri yake. Swichi haina. Ndiyo maana umeme ukikatika kwa sekunde tano tu, kompyuta zote zinaendelea kuwaka lakini hakuna inayofanya kazi. Swichi nyingi za ofisi zikizima huchukua dakika kadhaa mpaka ziwake sawasawa, na WiFi nayo inasubiri swichi iamke kwanza.

Fikiria hospitali inayotumia mfumo wa GoTHOMIS. Mapokezi, daktari, maabara, duka la dawa na dirisha la malipo wote wanapita kwenye swichi hiyo hiyo. Ikizima, foleni inasimama sehemu zote kwa wakati mmoja. Mgonjwa ameshalipa lakini maabara hawaoni malipo. Karatasi zinarudi, na baadaye mtu anakesha akiziingiza kwenye mfumo.

Mambo ni hayo hayo kwa benki, chuo, halmashauri na ofisi za mashirika yanayohudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015. Kazi kama uandikishaji wa watu na ugawaji wa mahitaji zikitegemea mtandao, dakika kumi za kukatika ni watu wengi waliosimama juani.

Umeme wa huku unatoka wapi

Huwezi kupanga akiba bila kujua chanzo chako cha kwanza kikoje.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo, kila mji ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Mambo yalibadilika Oktoba 2022. Wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mkoani humo, jenereta zikazimwa na umeme wa gridi ukaanza rasmi kutumika kupitia kituo cha Nyakanazi, mkoani Kagera. Kutoka hapo umeme ulishuka kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu.

Kwa mtu anayepanga mtandao, mabadiliko haya yana pande mbili.

Upande mzuri, umeme ni mwingi kuliko ule wa jenereta za mji, na hautegemei lori la mafuta kufika.

Upande wa pili, sasa mnategemea mfumo mrefu. Zamani jenereta ya Kibondo ikiharibika, Kasulu walikuwa hawana habari. Kwenye gridi, hitilafu ya mbali inaweza kukufikia. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu kwenye gridi iliacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme. Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza sana uzalishaji, lakini uzalishaji ukiwa mwingi hauzuii mti kuangukia waya porini.

Kwa hiyo shika hili: gridi, hata iwe na mitambo mingapi, kwako wewe ni chanzo kimoja. Mpango wa laini ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma na mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 inalenga kuuimarisha umeme wa mkoa. Lakini umeme huo nao utaingia ofisini kwako kwa waya ule ule, kupitia transfoma ile ile na mita ile ile.

Lugha ya mafundi: 1+1 na N+1

Ukisoma karatasi za swichi utakutana na maneno haya. Yasikutishe.

N ni idadi ya pawa saplai zinazotosha kubeba mzigo wote. N+1 maana yake una zinazotosha, halafu una moja ya ziada. Kama zinahitajika mbili, unafunga tatu.

1+1 maana yake moja inatosha, na ya pili ni akiba kamili. Swichi nyingi za ofisi zenye nafasi mbili zinapangwa hivi.

Mara nyingi pawa saplai zote mbili hufanya kazi kwa pamoja, kila moja ikibeba sehemu ya mzigo. Moja ikifa, nyingine inabeba wote bila swichi kuzima. Na nyingi zinaweza kuchomolewa na kubadilishwa swichi ikiwa inafanya kazi.

Hapo kwenye "inabeba wote" ndipo penye mtego.

Mtego wa PoE

PoE ni ule utaratibu wa swichi kupeleka umeme kwenye kamera, simu ya mezani au kifaa cha WiFi kupitia waya ule ule wa mtandao. Ni rahisi na safi, lakini unabadilisha hesabu yote. Swichi ambayo yenyewe ingekula wati chache sasa inalisha jengo zima.

Viwango vinavyotumika ni hivi, kwa kila mlango wa swichi:

- PoE ya kawaida (2003): mpaka wati 15.4
- PoE+ (2009): mpaka wati 30
- PoE ya kizazi kipya (2018): mpaka wati 60 au 90, kulingana na aina

Sasa chukua mfano wa swichi inayojulikana, Cisco Catalyst 9300 ya milango 48 ya PoE+. Ikiwa na pawa saplai moja ya wati 715, wati 437 ndizo zinazobaki kwa ajili ya PoE, nyingine zinatengwa kwa swichi yenyewe. Ukiongeza pawa saplai ya pili ya wati 715, PoE inapanda hadi wati 1,152.

Tuseme umefunga hivi:

- Vifaa vya WiFi 28, kila kimoja wati 15: wati 420
- Kamera 16, kila moja wati 8: wati 128
- Jumla: wati 548

Pawa saplai zote mbili zikiwa hai, kila kitu kinawaka na hakuna anayejua kuna tatizo. Siku moja ikifa, una wati 437 na unahitaji 548. Zimepungua wati 111. Swichi itaanza kuzima baadhi ya milango ili yenyewe ibaki hai.

Kwenye karatasi uliandika "pawa saplai mbili". Ukweli ni kwamba ulikuwa unazihitaji zote mbili, akiba hukuwa nayo.

Kanuni ni moja: nusu lazima ibebe mzigo wote. Ukikuta haibebi, una njia tatu:

1. Nunua pawa saplai kubwa zaidi. Swichi hiyo ya mfano inakubali pia za wati 1,100.
2. Gawa vifaa kwenye swichi mbili.
3. Panga vipaumbele vya milango kwenye mipangilio ya swichi, ili zikianza kuzimwa, kamera ya getini itangulie na WiFi ya wodini ibaki.

Njia ya tatu ni bure. Watu wachache wanaifanya.

Fuata waya kurudi nyuma

Hili ndilo zoezi lenyewe, na halihitaji kompyuta. Chukua karatasi. Andika pawa saplai A upande mmoja na B upande wa pili. Halafu fuata kila waya kurudi nyuma, ukiandika kila kitu unachopita:

pawa saplai, waya, soketi, saketi breka, UPS, chenjiova, mita ya LUKU, transfoma.

Mahali njia mbili zinapokutana ndipo akiba yako inapoishia.

Zikikutana kwenye ekstensheni, mtu akiikanyaga swichi inazima. Zikikutana kwenye breka, birika la chai lenye shoti kwenye chumba cha jirani linaweza kuzima mtandao wote. Zikikutana kwenye UPS, siku UPS ikifa inaondoka na zote mbili. Zikikutana kwenye mita, yuniti zikiisha saa nane usiku hakuna tofauti kama una pawa saplai mbili au kumi.

Hili la LUKU lisichukuliwe kirahisi. Ni aina ya katizo ambalo TANESCO hawahusiki nalo kabisa, na dawa yake ni mtu mmoja kupewa kazi ya kuangalia yuniti kila Ijumaa.

Na je, fezi mbili tofauti za TANESCO? Zinasaidia kidogo. Fezi moja ikikatika, jambo ambalo hutokea, nyingine inaweza kuwa hai. Lakini zote zinatoka transfoma moja, kwa hiyo usizihesabu kama vyanzo viwili. Tena kati ya fezi na fezi kuna volti 400, siyo 230. Kazi ya kuingiza fezi mbili kwenye raki moja ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, siyo ya mtu wa kompyuta mwenye bisibisi.

Una UPS moja tu? Fanya hivi

Ofisi nyingi zina UPS moja. Wengi huchomeka pawa saplai zote mbili humo, wakidhani wamejilinda mara mbili.

Fanya hivi badala yake: chomeka A kwenye UPS, na B kwenye soketi ya TANESCO yenye kinga ya mshtuko wa umeme, na soketi hiyo iwe kwenye breka nyingine.

TANESCO wakikata, A inaishi kwa betri ya UPS. UPS yenyewe ikifa, B inaendelea na umeme wa TANESCO. Hakuna kifaa kimoja ofisini kinachoweza kuzima swichi peke yake. Na hukutumia hata shilingi, umehamisha waya tu.

Ukipata hela ya UPS ya pili, B nayo ihamie huko. Usichomeke UPS moja ndani ya nyingine.

Kuchagua UPS: soma wati, usisome jina

Boksi litaandikwa VA kwa herufi kubwa. Unachotaka ni wati, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma. UPS ya VA 1,000 inaweza kuwa ya wati 600 tu. Na kwa kuwa nusu lazima ibebe mzigo wote, kila UPS ipimwe kwa mzigo mzima wa swichi, siyo nusu yake.

Mambo mengine matatu ya kuangalia:

Umeme hafifu. Jioni volti zikishuka, UPS ya bei rahisi kabisa hukimbilia betri kila mara. Betri inachoka, na siku umeme unapokatika kweli inakuta haina kitu. Tafuta ile yenye kirekebishi cha volti ndani, au ile ya gharama zaidi inayotengeneza umeme wake muda wote.

Jenereta. Jenereta ndogo umeme wake hauko tuli. UPS nyingine zinaukataa: jenereta inanguruma nje, UPS inaendelea kula betri mpaka inazima. Jaribu kabla ya kununua, au punguza ukali kwenye mipangilio ya UPS kama inaruhusu.

Betri. Zile betri za risasi zilizofungwa hudumu kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano, na joto linazimaliza haraka. Kwa kanuni ya kawaida ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Hali ya hewa ya nyanda za juu inakusaidia, mradi usiifungie UPS kwenye kabati lisilo na hewa chini ya bati. Andika tarehe ya kufunga betri kwa kalamu juu yake.

Chanzo cha pili: jenereta au sola?

UPS inanunua dakika. Saa nyingi zinahitaji chanzo kingine.

Jenereta ni nzuri kwa jengo zima, lakini kuna maswali matatu. Nani anaiwasha saa tisa usiku? Mafuta yapo? Na ilijaribiwa lini ikiwa na mzigo? Kumbuka pia kwamba kadiri unavyopanda juu hewa inapungua, na nguvu ya injini inapungua nayo. Kwenye milima ya huku usitegemee jenereta itoe kila wati iliyoandikwa kwenye kibati.

Sola yenye betri inafaa sana kwa mtandao, kwa sababu mzigo wa mtandao ni mdogo na haubadilikibadiliki. Tufanye hesabu ya ofisi ya mfano:

- Swichi yenyewe: wati 60
- Vifaa 8 vya WiFi, kila kimoja wati 12: wati 96
- Kamera 4, kila moja wati 7: wati 28
- Ruta: wati 25
- Kiboksi cha faiba: wati 12
- Jumla: wati 221

Unataka kuishi saa 4 bila umeme. 221 mara 4 ni 884. Inveta hula kidogo njiani. Ukichukua kwamba inafikisha asilimia 85, unahitaji kama 1,040 kutoka kwenye betri. Betri ya risasi usiimalize, tumia nusu tu ili idumu. Inakuwa 2,080. Betri ikizeeka inapungua, kwa hiyo acha nafasi: gawa kwa 0.8, unapata 2,600.

Betri mbili za volti 12 na Ah 150 zina 3,600. Zinatosha na chenji inabaki. Mbili za Ah 100 zina 2,400. Mwaka wa kwanza zitakubeba, baada ya hapo zitaanza kukuangusha. Betri za lithiamu unaweza kuzitumia karibu asilimia 80 hadi 90, kwa hiyo unahitaji chache zaidi, ila bei yake iko juu.

Ukitaka upande wa B uishi kwa sola muda wote, hesabu inapanda. Wati 221 kwa saa 24 ni 5,304 kwa siku. Weka upotevu wa njiani, gawa kwa 0.7, ni kama 7,600. Kwa tahadhari ya msimu wa mvua, hesabu saa 4 za jua kamili kwa siku. Unahitaji paneli za jumla ya takriban wati 1,900, na betri za kuvuka usiku. Ni hela nyingi. Kwa wengi, sola ya kujazia betri ikisaidiwa na TANESCO ndiyo inayoingilika.

Swichi yenye plagi moja

Huenda yako ni ndogo, ina plagi moja tu nyuma. Usiitupe. Una njia hizi:

- Kibadilishaji cha umeme cha kwenye raki. Kina nyaya mbili za kuingiza na hubadili chanzo haraka kiasi cha swichi kutosikia. Kumbuka tu kwamba chenyewe sasa ndicho kinachoweza kufa.
- Swichi mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kila moja kwenye chanzo chake. WiFi ya korido moja iende swichi ya kwanza, ya korido inayofuata iende ya pili. Moja ikizima, nusu ya jengo bado ina mtandao.
- Swichi ya akiba kabatini, ikiwa imeshawekewa mipangilio. Dakika kumi umemaliza.
- Umeme wa DC moja kwa moja. Baadhi ya vifaa vinakubali vyanzo viwili vya DC. Ruta ya MikroTik RB5009, kwa mfano, ina njia zaidi ya moja ya kuingizia umeme na inakubali volti 24 hadi 57. Unaweza kuipa adapta upande mmoja na betri upande mwingine, mradi betri ibaki ndani ya volti hizo hata ikipungua.

Na usisahau kile kiboksi cha kampuni ya intaneti, kiwe cha faiba au cha dishi la setilaiti. Mara nyingi kimechomekwa ukutani peke yake, nje ya UPS. Swichi inawaka, ruta inawaka, intaneti hakuna. Ni kifaa cha wati 12, kipe nafasi kwenye UPS.

Radi haichagui A wala B

Milima ya mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu hayajui mpaka. Mkoani Kigoma mvua huanza kwa kawaida mwezi wa kumi na kuendelea mpaka wa tano, na radi nazo huwa kazini.

Radi ni adui wa pekee kwa sababu inapiga njia zote kwa mpigo. Unaweza kuwa na pawa saplai mbili, UPS mbili na vyanzo viwili, ikaviunguza vyote siku moja. Tena mara nyingi haipiti kwenye umeme. Inaingia kwa waya wa mtandao uliovutwa nje kutoka jengo moja hadi lingine, au kwa kamera iliyofungwa juu ya mlingoti.

Kinga ni hizi:

1. Kati ya jengo na jengo tumia faiba isiyo na chuma ndani. Kioo hakipitishi umeme.
2. Funga kinga ya mshtuko kwenye boksi kuu la umeme, na nyingine kwenye waya za kamera na antena zinazoingia kutoka nje.
3. Ethi ya jengo ipimwe kwa kifaa. Mafundi wengi hulenga chini ya omu 10. Pima kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana wakati wa mvua kipimo kinadanganya.
4. Raki, mlingoti na umeme wa jengo viunganishwe kwenye ethi moja. Kuchimbia raki chuma chake cha pekee, mbali na ethi ya jengo, kunaongeza hatari badala ya kupunguza.

Pawa saplai inayokufa kimya

Hii ndiyo hasara ya akiba nzuri: inaficha tatizo. Pawa saplai A ikifa leo, hakuna atakayepiga simu kulalamika. Kila kitu kinaendelea. Miezi sita baadaye B inakufa, ofisi inazima, na ndipo watu wanagundua A ilikuwa na taa ya njano tangu mwaka jana.

Weka mipangilio ya swichi itume taarifa kwa barua pepe au kupitia mfumo wa ufuatiliaji pawa saplai ikifa. Kama huna mfumo, weka utaratibu wa kizamani: kila Jumatatu asubuhi mtu mmoja anafungua raki, anaangalia taa mbili, anasaini karatasi.

Pawa saplai ya aina yako usitegemee kuikuta dukani Kasulu wala Kibondo. Pengine itatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Siku zote hizo unaishi kwa mguu mmoja. Kama una swichi kadhaa za aina moja, pawa saplai moja ya ziada kabatini inazitosha zote. Ndiyo maana inalipa kununua swichi za aina moja.

Jaribu kwa kuchomoa

Mpango ambao haujajaribiwa ni matumaini. Chagua muda wa kazi chache, waambie watu, kisha:

1. Chomoa A. Hesabu milango yenye PoE iliyobaki hai. Subiri dakika tano. Rudisha.
2. Chomoa B. Fanya hivyo hivyo.
3. Zima breka ya upande mmoja. Angalia kama kuna kitu kimezima ambacho hukutegemea.
4. Zima meni swichi. Andika saa. Acha UPS iendelee mpaka ibakiwe na robo ya chaji. Andika saa tena.
5. Washa jenereta. Hakikisha UPS inaonyesha kuchaji.

Rudia kila baada ya miezi sita. Muda halisi uliouandika kwenye hatua ya nne ndio muda wako, hata kama boksi la UPS lilisema vingine.

Hela ni ndogo? Anza hapa

Kwa mpangilio huu, kila hatua inakupa faida kabla ya inayofuata:

1. Tenganisha nyaya za A na B, kila moja na soketi na breka yake. Weka lebo.
2. Pima na rekebisha ethi.
3. Panga vipaumbele vya PoE.
4. Ingiza kiboksi cha intaneti kwenye UPS.
5. Badilisha betri za UPS zilizozeeka.
6. Nunua pawa saplai ya pili, kama swichi ina nafasi.
7. Nunua UPS ya pili.
8. Ndipo ufikirie sola au jenereta.

Wengi huanzia namba sita na kuishia hapo. Namba moja, tatu na nne hazihitaji manunuzi makubwa, na unaweza kuzimaliza Jumamosi moja.